Jumanne, Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mimi ndiye ninayefungua.
Theluji imefika magotini, ufunguo nautambua kwa kidole,
na ukumbi wa Shule ya Msingi ya Cedar Fork, Nebraska,
unanipokea kwa harufu ya mpira, jasho kavu na nta ya sakafu.
Nawasha taa. Zile za kushoto hukawia,
hutetemeka kwanza, kama mtu anayetafuta jina.
Napanga viti ishirini na vinne.
Tangu Januari kimoja hakikaliwi.

Fomu niliiona. Ilianguka karibu na pipa,
na mtu wa kazi yangu husoma kilichoanguka.
Jina: Ansel Vrana. Umri: miaka tisa. Chakula kinachomdhuru: karanga.
Kisha mstari wa mwisho na kisanduku chake:
Nakiri kwamba Mungu yupo na nina wajibu kwake.
Hakutia alama, hakukata.
Aliandika kwa penseli, herufi zikipanda mlima:
Sijui bado. Nikijua nitawaambia.

Bwana Rasmussen si mtu mbaya.
Mwaka juzi alinisukumia gari likatoka mtaroni,
usiku wa baridi ya kukata masikio,
wala hakuniuliza nasali wapi.
Alimwita mama wa mtoto kando, chini ya kikapu cha mpira,
akawa anazungusha kofia mikononi.
"Masharti si yangu. Yametoka makao makuu."
Corinne Vrana, aliyekuja moja kwa moja toka kuziba matairi,
grisi ikiwa bado kwenye kucha, akauliza:
"Na bili ya umeme wa humu, nayo inalipwa na makao makuu?"

Nilikuwa juu ya ngazi nikibadilisha balbu.
Nikaendelea kuibadilisha hata ilipokwisha kukaza.

Karatasi ya kodi haina kisanduku cha imani.
Senti za Corinne zimo kwenye bomba hili la joto
pamoja na zangu, na za Rasmussen,
na za mzee Hruska asiyekanyaga kanisa tangu amzike mkewe,
na za akina Darwish wa duka la mazulia.
Zinavuma humo ukutani, hujui ipi ya nani.

Nami ni mtu wa kanisa. Jumapili hupitisha sahani ya sadaka.
Nimeomba nikapewa, nimeomba nikanyimwa,
na bado naomba.
Lakini Mungu wangu sijamwona
akisimama mlangoni na orodha.

Wanasema kila chama kina haki ya kuchagua walio wake.
Sawa. Mwenye nyumba hapangiwi wageni.
Ila nyumba hii, enyi majirani,
mwenyewe ni nani?

Ukutani wamebandika kanuni yao ya kwanza,
kwa gundi ambayo mimi huibandua kila Juni:
MWANACHAMA HUSEMA KWELI.
Wendell, rafiki wa Ansel, aliniambia akifunga kamba za viatu:
"Mimi nilitia alama tu. Nilitaka kuchonga gari."
Akachonga. Jekundu, zuri, namba saba ubavuni.

Ansel hukaa koridoni chini ya makoti,
kwani mama hatoki kazini hadi saa mbili.
Husikia misumeno midogo, vicheko, gari likiteremka.
Wiki iliyopita nilimpa mguu wa dawati lililovunjika, msonobari safi,
na kipande cha msasa.
Hakuniuliza masharti. Aliniuliza:
"Nikimaliza, nitalijaribia wapi?"

Leo amemaliza. Halina rangi, gurudumu moja linapepesuka.
Wenzake wameondoka, Rasmussen ameniaga,
njia ya mteremko imeachwa katikati ya ukumbi
mpaka kesho asubuhi.
Nilishazima. Nilishafunga.

Nikaurudisha ufunguo kwenye kitasa.
Nikawasha.
Taa za kushoto zikakawia,
nasi, gari mkononi mwake, tukazisubiri.